Finjani ya Bibi Wadha na Deni la Visiwani

Mwaka 1996, msikitini Ansab, Maskati, Mahfoudh aliwasikia wazee wa Kizanzibari wakibishana: mikopo ambayo baba zao waliipa serikali ya Visiwani, ilipwe na Visiwani au na Muungano? Wazee waliona uchungu. Mahfoudh aliona mahari ya mchumba wake Hasina, ambayo baba wa binti, Mzee Khalid, aliitaka kabla ya Idi.

Wiki hiyohiyo Muungano ukapata mwakilishi Maskati, wenyewe hauna habari. Akiwa ndani ya kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi mpaka ikanyenyekea, Mahfoudh alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Muungano umeyabeba madeni yote. Imebaki ada ndogo ya kufungulia jalada. Kwa aliyesita, Mahfoudh aliiweka finjani ya kahawa chini bila kuionja. Kwa desturi ya Oman, mgeni afanyaye hivyo ana haja, na mwenyeji akishatamka "Kunywa, imekubaliwa," harudi nyuma. Wote walitamka. Tukumbuke kwa heshima kwamba mtaa mzima uligundua una babu aliyeikopesha serikali, wakiwemo mababu waliokufa wakidaiwa bei ya pweza.

Ijumaa mwakilishi akawaalika kwenye ukumbi wa majlisi wa kukodi, akusanye ada ya mwisho. Mkoba wa riali aliupakata kama mtoto.

Bibi Wadha wa mtaa wa Bustan, ambaye hakuwa ametoa hata baisa moja ya ada, alipokea kahawa, akaiweka chini.

"Nna haja, mwanangu."

Mahfoudh alidhani anataka halua. "Kunywa, bibi. Imekubaliwa."

Bibi akanywa, taratibu. "Basi nlipe deni la baba yangu, sasa hivi. Muungano umelibeba, na Muungano ndiye wewe. Mengine mtajuana wenyewe huko."

Mwakilishi akaanza kueleza kwamba serikali ina taratibu zake.

"Umeshasema imekubaliwa," alisema Mzee Khalid, aliyelipa ada mara mbili, kwa babu wa kuumeni na wa kukeni. "Au neno letu hufunga, lako halifungi?" Akaiweka finjani yake chini. Jirani yake naye akaweka, na wa pili yake, mpaka kahawa ya majlisi nzima ikawa inapoa.

Mwakilishi alilipa. Mkoba ulipokauka, akavua saa.

Mlangoni Khalid alimuuliza bibi babake aliikopesha serikali kiasi gani.

"Baba yangu? Hakukopesha mtu hata chumvi," alisema, akifunga riali kwenye pembe ya leso. "Na babu zako je?"

Khalid alitia fungu lake mfukoni, akamgeukia Mahfoudh kwa upole wa mkwe.

"Serikali imelipa vizuri, mwanangu. Imebaki mahari."