Karatasi Iliyokula Vumbi la Kashaulili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeshinda nusu ya vita. Mtafiti mmoja wa chuo, dada Odeta, alikuwa anatafuta paa la kufungia mashine ya kunyonya hewa. Nimemwahi kabla ya jirani yangu Masunga mwenye mashine ya kusaga. Amechagua paa la kibanda changu cha supu. Safi!

Wateja wananung'unika kwamba bakuli zangu zina masizi. Mimi nasema ni injini ya dizeli ya Masunga na mapumba yake. Masunga anasema ni mimi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Silvesta, ametuchoka. Ametamka kwamba kipimo kikitoka, anayechafua hewa atahama hapa sokoni Kashaulili. Mke wangu Gaudensia kaniuliza kama nina hakika. Swali gani hilo?

Jumatano, 6 Agosti

Sijafanya kazi leo. Nimekaa namtazama Odeta. Pampu inavuta hewa, vumbi linanasa kwenye karatasi nyeupe. Kisha analielekezea kifaa kama kile cha kupimia joto wakati wa korona, kinamwambia mna chuma kiasi gani, risasi, zinki. Vumbi lina habari zake! Nilimwomba apime jino langu. Alikataa, akasema si kifaa cha kupimia watu. Nikampa pete ya ndoa ya Gaudensia, ile niliyomwambia ni dhahabu ya hapa hapa Mpanda. Shaba tupu. Nimekula ugali mkavu.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Gaudensia alipokwenda kununua vitunguu nilipanda juu na konzi ya pumba, nikailisha mashine. Masunga kwisha.

Odeta alipofungua alicheka. Kumbe mdomo wa mashine unapitisha chembe ndogo kuliko unga tu, na pumba zote zilibaki kwenye kifuniko. Aliniuliza kwa upole nani anailisha. Nikasema ndege. Akaweka karatasi mpya.

Halafu wateja wa sikukuu wakafurika. Makongoro ya ng'ombe rundo zima, manyoya bado. Kuni zingenichelewesha. Nikayababua yote kwa tairi pale uani kama kawaida, moshi ukapanda mpaka paani. Nilifurahi hata kuuona unavyoelekea kwa Masunga.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa tumekutana kibandani. Karatasi ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Nilitabasamu mapema mno.

Odeta alisema kuna masizi mengi, na ndani yake zinki nyingi kupita kiasi. Zinki hutiwa kwenye matairi yanapotengenezwa, alisema, na moshi wa dizeli peke yake usingekuwa na nyingi hivyo. Akauliza nani hapa anachoma matairi. Watu wote wakageukia uani kwangu. Nyaya za tairi zilikuwa bado zimelala pale.

Masunga hata hakucheka. Alinipa pole, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mzee Silvesta akasema nikichoma tairi tena, kibanda kinang'olewa. Gaudensia alilia mbele za watu, maana watoto wetu wote wanasoma kwa supu hii. Niliona aibu, aibu kweli. Nikaapa mbele ya wote kwamba tairi basi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kuni mbichi. Manyoya hayatoki. Wateja wa asubuhi wameenda kwingine.

Nimekaa nikafikiri kisayansi. Odeta alisema matairi. Mzee Silvesta alisema matairi. Na mimi niliapa kuhusu matairi. Kandambili hakuna aliyezitaja! Nilitaka kumuuliza Odeta kama nazo zina zinki, lakini ameshahamishia mashine yake Kasokola. Swali zuri limepotea bure.

Nimeokota kandambili mbovu gunia zima. Masunga kaniuliza ni za nini. Nimemwambia ni za yatima.

Zimeshika moto upesi kuliko tairi.