Koleo Langu na Kilo ya Mirihi

Jumatatu, 6 Oktoba
Kikao asubuhi nzima! Sanduku la dawa la safari ya Mirihi limebakiwa na nafasi ya kilo moja. Wanaanga wanne, karibu miaka mitatu bila hospitali, na sisi madaktari wazima hapa Houston tunagombea kilo kama watoto wanaogombea ukoko. Nikatoa koleo langu la kung'olea meno, nililolibuni mwenyewe. Daktari mwenzangu Treviño akatoa mashine yake ya altrasaundi. Akaniuliza mbele ya watu: Wendell, baba, tangu lini gego likaua mtu? Wakacheka! Bosi, Dakta Thibodeaux, akajifanya anakohoa. Kisha akaamua: vyote viwili viwekwe kwenye chombo cha mazoezi, ghalani nyuma ya maegesho. Kitakachohitajika kwanza ndicho kitakachokwenda. Nikikosa kilo hii, sina changu kwenye safari. Nimechoka kuitwa mtu wa plasta.

Jumanne, 7 Oktoba
Dawa yao nimeipata. Dusty Albrecht, mmoja wa wanne watakaofungiwa kesho kwenye chombo cha mazoezi. Nikampeleka kula nyama ya moshi, akala mpaka akalegeza mkanda. Nikamwomba Alhamisi ajifanye anaumwa gego. Koleo likishatoka sandukuni, hoja yangu imethibiti, maumivu yapoe. Akasema, "Dokta, ondoa shaka. Mimi nikiamua kulia, hata ng'ombe wa jirani watalia." Kijana wa maana sana.

Jumatano, 8 Oktoba
Wamefungiwa. Mganga wao ni Bonnie Schramm, daktari wa mifugo kutoka Lockhart. Mama wa miraba minne. Treviño akapita mezani kwangu, akauliza mbona leo meno yote nje. Nikamwambia nafurahia hali ya hewa. Mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa! Zamu yangu kwenye meza ya Dunia, inayojibu maswali ya walio chomboni. Ujumbe hucheleweshwa makusudi dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, kama Mirihi kwenyewe. Dusty akaanza kulia. Kipaji! Bonnie akauliza kama ampe maji ya chumvi asukutue. Nikajibu: ndiyo, fanya haraka. Nikaenda zangu kutafuta kolachi, kile kimkate kitamu cha jibini.

Kumbe Bonnie hakusubiri, maji alishampa. Akachoshwa na makelele, akatuma swali la pili: nimng'oe? Jibu lililomfikia likawa langu la kwanza. Ndiyo, fanya haraka! Kanuni inasema kila jibu lirudie swali lake. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Niliporudi nikatuma HAPANA, kwa herufi kubwa. Bure tu. Picha zikaja zimechelewa, nikatazama yote nisiwe na la kufanya. Dusty akaapa kwamba maumivu yameisha. Bonnie akamwambia hata ndama husema hivyohivyo. Wenzake wawili wakamshika. Gego zima, jeupe, halina hata doa!

Damu ikagoma kukata. Treviño hakutuma ujumbe wowote. Alikimbia maegeshoni kwenye mvua, akafungua mlango wa chombo, akaingia na pamba. Mimi nilikuwa bado nimeshika kolachi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Dusty amesema yote. Mdomo umejaa pamba, lakini kila mtu alimwelewa! Nilimpelekea nyama ya kumwomba radhi. Hawezi kutafuna. Akanirudishia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Kilo amepewa Treviño. Bosi hakupandisha hata sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema nafasi ya Dusty kwenye chombo nitaichukua mimi, nionje mgonjwa anavyosubiri. Meza ya Dunia itakuwa ya Treviño. Bonnie anaendelea kuwa mganga.

Jumapili, 12 Oktoba
Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nawaza. Kosa langu nimeliona. Jino! Nani anajali jino? Kidole tumbo, hapo ndipo penyewe. Visu vyangu vidogo vya kupasulia havifikii hata kilo, na tayari vimo kwenye sanduku la mazoezi, nimevichomeka chini ya bandeji. Keshokutwa nikiwa ndani nitajishika tumbo upande wa kulia na kupiga yowe. Wakishavitoa tu, hoja imethibiti, maumivu yapoe. Treviño atakoma!

Bonnie sijamwambia, ili mambo yaonekane ya kweli. Nilimpigia tu simu kumwuliza, kwa mbali, kama amewahi kupasua. Akasema amepasua ndama wengi mno, na karibu wote walipona.