Jinsi Nilivyokiboresha Kioo cha Baba

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimetangazwa! Shemeji, mume wa dada yangu, mwenye duka la fotokopi na picha za vitambulisho, amekuja kunywa chai na kutamka kwamba anataka chumba cha mbele. Chumba cha mbele! Studio ya marehemu Baba! Anataka kupanga mashine zake humo. Na ile kamera kubwa ya mbao, alisema huku akimung'unya mkate, ataipeleka kwenye hoteli moja ikasimame mlangoni kando ya chungu cha maua. Kamera iliyopiga picha nusu ya mtaa huu, leo iwe pambo.

Nikasema kamera bado inafanya kazi. Shemeji akauliza nani wa kuifanyisha kazi. Nikasema mimi. Dada akacheka hadi chai ikampalia. Kisha, bila kuombwa, akakumbusha watu ile mashine yangu ya kuangulia vifaranga niliyoitengeneza kwa friji bovu. (Mayai yaliiva. Ilikuwa kasoro ya kipimajoto tu.)

Mama akakata shauri. Jumapili nimpige picha moja kwa kamera ya Baba. Ikitoka, kamera haitoki humo, wala chumba hakiguswi. Isipotoka, Shemeji achukue vyote viwili. Aliniangalia kwa huruma alipokuwa akisema hayo, na huruma hiyo sikuipenda.

Sanduku la Baba lina kipande kimoja tu cha filamu. Kimoja! Haidhuru. Fundi wa kweli hahitaji viwili.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua studio. Vumbi. Mende mmoja mzee aliyenitazama kama mgeni asiye na adabu. Kigoda cha wateja bado kipo karibu na ukuta wa nyuma, na kofia ya pama ya Baba bado imetundikwa kwenye msumari ukutani. Tangu azikwe hakuna aliyethubutu kuiondoa. Mimi pia nimeshindwa.

Sasa, nyuma ya kamera kuna kioo cha ukungu, yaani kioo kilichokwaruzwa upande mmoja ili picha ipate pa kutua. Unajifunika kitambaa cheusi, unakitazama kioo, unasogeza lenzi mpaka picha ikolee. Kisha unaingiza filamu mahali pale pale kioo kilipokuwa. Basi nikajifunika. Sikuona kitu! Giza, na doa la dirisha katikati.

Hata hivyo nilikaa kidogo humo. Nilipokuwa mtoto Baba aliniingiza chini ya kitambaa hiki hiki. Kilinukia sabuni yake ya kunyolea. Kwenye kioo walikuwemo bwana harusi na bibi harusi, wamening'inia kichwa chini kama popo, na hawaanguki! Nilicheka mpaka Baba akanifinya. Akaniambia nitulie, nisubiri, picha itakuja yenyewe. Leo nimemkumbuka sana.

Lakini subira ni mambo ya watu wa zamani. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kioo ni hafifu, nami nitakiboresha.

Jumatano, 6 Machi

Nilisikia zamani kwamba mafuta hung'arisha kioo cha ukungu. Nikachukua ya kupikia, jikoni, Dada akiwa ameenda kuanika nguo. Nikakipaka kioo kama mtu anayepaka mtoto. Matokeo ya papo hapo! Kioo kiling'aa. Kiling'aa mno. Kikawa kama dirisha, kila kitu kinapita na hakuna kinachobaki. Picha haina tena pa kutua.

Kufika mchana, sisimizi. Safu nzima, kutoka mlangoni hadi kwenye kamera. Shemeji alipita akauliza wanaenda kupigwa picha ya pamoja? Nikampa kisogo.

Nikakiosha kioo kwa sabuni ya vyombo na brashi. Mafuta yakatoka. Nilipokiinua kwenye mwanga ndipo nilipokumbuka kwamba kilikuwa na mistari ya penseli. Msalaba mdogo katikati, na upinde wa mahali pa vichwa. Baba aliichora kabla sijazaliwa. Ule ulikuwa mkono wake, nami nimeusugua ukaenda na povu. Nilikaa kwenye sakafu ya bafu muda mrefu, na sikuwa na hamu ya kubuni kitu chochote.

Hamu ilirudi baada ya chakula.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote, mapajani mwa Mama!

Mama ana kibao chembamba cha plastiki chenye mistari ya duara, cha kukuzia maandishi. Bila hicho hasomi gazeti, na gazeti lenyewe hulisoma ukurasa mmoja tu, ule wa matangazo ya vifo. Nimegundua kwamba kibao hiki hukusanya mwanga. Ukikiweka mbele ya kioo cha ukungu, pembe zote zinaangaza. Mama alikuwa amesinzia. Nikakichukua taratibu. Kuazima si kuiba.

Kilikuwa kikubwa kuliko fremu. Nikakikata pembe moja kwa msumeno wa chuma. Kikawa hakikai. Nikafungua skrubu za kioo, nikaweka vipande vya boksi kila upande, nikalaza kibao, nikarudisha kioo kwa nyuma yake. Kioo sasa kimesogea nyuma kidogo kuliko alivyokiacha Baba, kama unene wa sarafu tatu hivi. Nani atajali unene wa sarafu?

Nikajifunika. Mwanga! Kutoka pembe hadi pembe! Nilimwona mende kichwa chini, masharubu yote. Laiti Baba angekuwepo aone.

Ijumaa, 8 Machi

Mama anakitafuta kibao. Amepekua mito, kabati la vyombo, hata pipa la unga. Mimi nikajitia hamnazo. Nikatafuta naye kwa bidii kubwa, na nikawa wa kwanza kuchungulia chini ya kitanda. Shemeji alikuwa amekuja kupima chumba cha mbele kwa futi kamba (chumba ambacho bado si chake!), hivyo nikanong'ona kwamba jana pia alikuwa hapa. Mama akamtazama. Shemeji akaapa mbingu na ardhi. Nilijisikia vibaya karibu dakika nzima.

Adhabu yangu ni kwamba imebidi nimsomee Mama matangazo ya vifo, alasiri yote, kwa sauti. Ajabu ni kwamba karibu kila marehemu wa mtaa huu alipigwa picha na Baba. Mama anakumbuka kila mmoja aliketi vipi. Huyu alifumba macho. Yule aliazima tai ya Baba na hakuirudisha, na sasa ndiyo amekufa nayo.

Kisha akaanza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Alipokuwa msichana alikuja studio kupiga picha ya kumpelekea shangazi yake. Mpiga picha akajifunika kitambaa, akakaa humo, akakaa, mpaka Mama akamuuliza kama amelala. Sauti ikajibu kutoka ndani kwamba hapana, anasubiri macho yazoee giza, maana kioo hakina haraka, ukikipa muda kinakuonyesha kila kitu. Miaka mingi baadaye Baba alikiri kwamba macho yalikuwa yamezoea zamani. Alikuwa anaona haya kutoka.

Mama akacheka peke yake, akafuta macho kwa upindo wa khanga. Akaniuliza kama ninaona vizuri kwenye kile kioo. Nikamwambia nimeshakishughulikia.

Jumapili, 10 Machi

Siku yenyewe. Mama kavaa gauni la bluu na mkufu aliopewa na Baba. Akaketi kwenye kigoda, kofia ya Baba ukutani nyuma yake, juu kidogo kando ya kichwa chake. Dada na Shemeji wamesimama mlangoni. Shemeji kashika simu yake na kumpiga Mama picha kumi na kitu kabla mimi sijapata kitambaa. Ushamba mtupu!

Nikajifunika. Mwanzoni sikuona vizuri kama nilivyotarajia. Lakini niligoma kutoka, maana Shemeji angecheka. Basi nikabaki. Na jambo la ajabu likatokea. Kadiri nilivyokaa ndivyo kioo kilivyozidi kuangaza! Uvumbuzi wangu unajiboresha wenyewe! Mama akanijia polepole, kichwa chini, mkufu wote, mikunjo ya mikono yote. Alikuwa mzuri. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo akiwa kichwa juu.

Ndipo akaita kutoka kwenye kigoda, akaniuliza kama nimelala humo ndani.

Nikafuta macho kwa kitambaa cheusi. Nilikuwa nalia.

Nikasogeza lenzi mpaka nikaziona kope zake. Nikaingiza filamu, nikafungua lenzi, nikahesabu kama Baba, nikafunga. Mama hakutikisika hata kidogo.

Jumatatu, 11 Machi

Mpiga eksirei wa zahanati, rafiki yangu, alinipa dawa za kusafishia filamu. Nimeisafisha kwenye stoo ya giza ya Baba, nikaichapa kwenye karatasi yake ya zamani. Picha ikaanza kuchomoza ndani ya sinia. Imetoka! Nilipiga kelele. Kisha nikatazama vizuri.

Mama ni ukungu. Gauni lipo, mkufu upo, uso haupo. Ni kama mtu aliyefikiriwa tu. Lakini nyuma yake, kofia ya Baba! Kali! Kila uzi! Bonyeo la kidole gumba pale mbele alipozoea kuishika akisalimia watu. Hata mshono wa uzi mweupe ambao Mama aliushona ilipochanika.

Shemeji alifurahi mno. Akachungulia nyuma ya kamera, akatoa mhadhara. Kioo na filamu hukaa mahali pamoja. Mimi nimekisukuma kioo nyuma, kwa hiyo kilichokolea kwenye kioo hakikolei kwenye filamu. Filamu imeshika kilicho mbali zaidi. Akaomba funguo za chumba.

Mama akataka kuiona picha kwanza. Akanyoosha mkono, akaomba kibao chake. Hakuna namna. Nikachukua bisibisi, nikafungua kamera mbele ya wote, nikamkabidhi. Pembe moja haipo, boksi limeganda pembeni. Za mwizi arobaini. Shemeji akaninyooshea kidole, akamgeukia Mama.

Mama akakipokea. Alikiinamia kibao, akaitazama picha muda mrefu. Kidole chake kikafika kwenye ule mshono, kikatulia hapo. Kisha akasema picha imetoka. Shemeji akalalamika kwamba aliyepigwa haonekani. Mama akajibu kwamba yeye anajijua alivyo, kioo cha bafuni humwonyesha kila asubuhi, bali huyu mwingine hajamwona siku nyingi.

Kamera inabaki. Chumba kinabaki. Kisha akanivuta sikio, mimi mwenye mvi, mpaka likawa la moto.

Jumatano, 13 Machi

Picha imetundikwa sebuleni. Ninawaeleza wageni kwamba kofia ndiyo niliyoilenga tangu mwanzo. Dada anasema nirudishe kioo kama Baba alivyokiacha, niingie chini ya kitambaa, nisubiri macho yazoee. Maneno ya mtu asiyeijua sayansi.

Kwa sababu tatizo sasa ni dhahiri. Kibao cha plastiki kilikuwa kinene mno. Kinachotakiwa ni kitu chembamba, cha kioo halisi. Mpiga eksirei ameahidi kunitafutia filamu, na Jumapili nitawapiga Dada na Shemeji.

Shemeji, ili kusafisha jina lake, amemnunulia Mama miwani mipya ya kusomea. Vioo vizuri sana. Vyembamba, safi, vimekatwa kitaalamu. Mama amesinzia kitini. Miwani iko juu ya redio.

Kuazima si kuiba.