Maungamo Yaliyopita Darini

Wenzangu, leo nimeaibika msibani. Mnaonifahamu, nisomeni taratibu.

Jana tumemzika shangazi yangu, aliyenilea kule Mwese toka nabebwa mgongoni. Msiba uko Mpanda mjini, kwa mwanae Deo, aliyemuuguza. Deo kafunga kiyoyozi cha nyumba nzima. Asubuhi akatueleza, macho mekundu: "Mashine ni moja tu, iko nje. Hewa ya baridi inapita kwenye mabomba juu ya dari, inashukia kila chumba kwa vile vidirisha vya wavu. Ikipata joto inarudi kupozwa tena. Nilimwekea mama, joto lilikuwa linamtesa." Nikatikisa kichwa kama fundi. (Sikuelewa kitu. Nilikuwa nayatazama maandazi.)

Halafu kimbelembele kikanipanda. Mbele ya watu nikasema shangazi nilikuwa naongea naye kila siku kwenye simu. Wakanipa pole. Shangazi mkubwa, dada yake marehemu, akaniangalia tu. Nilikuwa nimedanganya.

Mchana wakaanza rozari sebuleni. Nikashindwa kukaa. Nikaingia chumba cha marehemu, nikafunga mlango. Kitenge chake bado kiko kitandani. Nikalia sana. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, nami nikaanza kuongea kwa sauti. (Mlango si umefungwa? Nani atasikia?)

"Shangazi, nisamehe."

Darini kukajibu: "Utuombee."

Nikaganda. Nikasema labda ni masikio yangu.

"Uliniita, nikakwambia kazini kumebana. Nilikuwa nimelala, shangazi."

"Utuombee."

(Nikajua amekuja mwenyewe.)

"Niliogopa kukuona umekonda. Nakaa mtaa wa pili tu, na sikuja hata siku moja."

Kisha sauti ya Deo juu ya kichwa changu, ya upole kabisa: "Dada, tunakusikia. Sebule nzima."

Kumbe mabomba ni yale yale. Mashine ikizimika hewa haipiti, sauti ndiyo inapita. Walikuwa kwenye litania, ile sala ya kuitikia "Utuombee" kila akitajwa mtakatifu, wakanyamaza wote kunisikiliza, isipokuwa bibi mmoja jirani mwenye masikio mazito, ambaye akisikia sauti yoyote anaitikia.

Nikawaza kutokea dirishani. (Lina nondo.) Nikabaki nimekumbatia kitenge, nikilia kwa aibu na kwa uchungu, sijui kipi kilizidi.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi mkubwa akaja kukaa kando yangu.

"Alikuwa anajua," akasema. "Alituambia, mwacheni, huyo anaogopa. Haya, nawa uso, uje uitikie na wenzio."

Nikatoka. Watu zaidi ya thelathini, na hakuna aliyecheka hata kidogo. Wamenisogezea mkeka tu.

Basi chekeni nyie, walau mmoja, nipate kupumua.