Msasa Juu ya Kiwiko

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbili, moja asali, moja shubiri. Asali: mkamwana wangu anarudi Jumapili na mtoto wake wa kwanza, kutoka kwa mama yake alikokwenda kujifungulia. Shubiri: huyo mama yake anakuja naye. Mkwe wangu huyu ananawa mikono hata akisalimiwa kwa simu. Mimi namwita Bi Usafi. Amemwagiza mwanangu kwamba mtoto ni malaika, mwenye ukurutu asimguse. Jina hakutaja. Nyumba hii mwenye magamba ni nani? Paka?

Viwiko vyangu vyeupe kama vimemwagiwa chokaa. Magoti vilevile. Mikono, kichwa, ole wangu! Magamba haya hunijia na kuondoka tangu usichana, ila safari hii yamekuja na virago vyao. Nikijikuna naacha unga kitini kama mchwa waliopita.

Nikaenda kliniki. Nesi wa ngozi, binti mpole mwenye miwani, akasema hiyo ni soriasisi. Si ukurutu, si uchafu, wala haiambukizi hata chembe. Akasema kinga ya mwili imechanganyikiwa, inaagiza ngozi mpya kabla ya ile ya zamani kuondoka. Nikamwelewa papo hapo! Maisha yangu yote nimepiga msasa na vanishi kwenye karakana ya useremala, kwanza kwa marehemu mume wangu, sasa kwa mwanangu. Nikamwambia: ni fundi anayepaka rangi juu ya rangi mbichi, lazima ibanduke. Akacheka, akasema ndiyo hivyo hivyo, bibi.

Kisha akaharibu. Haiponi moja kwa moja, inatulizwa tu. Dawa kiasi, mafuta kwa wingi, nisijikune, nisijikwaruze, nisiwe na mawazo, nivute subira wiki kadhaa. Wiki kadhaa! Mtoto anakuja Jumapili! Na nisiwe na mawazo!

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nesi alisema dawa ipakwe nyembamba. Nesi hajawahi kuziba mlango uliopasuka. Nimeminya tyubu nzima, nimejikandika, nimefunga nailoni juu, nikajifungia stoo mwanangu asinione.

Kazi ikawa kutoka. Kitasa kinateleza! Nimezungusha, nimesukuma, nimekitukana mpaka ukoo wake. Ikabidi mwanangu ang'oe kufuli. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia kitasa chake kibovu. Akasema kitasa ni kizima tangu enzi za baba. Mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Magamba yapo. Dawa imekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na akili. Ubao ukibanduka rangi, nani anaubembeleza kwa mafuta? Unapigwa msasa! Jibu lilikuwa mkononi mwangu miaka yote hii. Mjinga mimi.

Nimechukua msasa laini kabisa, kipande nilichotumia kwenye kitanda tunachomtengenezea mtoto. Kipya sikutaka kukiharibu. Nikasugua viwiko na magoti, taratibu, upande mmoja, kama mbao inavyotaka. Vumbi jeupe likashuka. Nikapangusa kwa kitambaa. Laini! Wekundu kidogo, kama mninga uliorandwa. Bi Usafi, njoo!

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kukunja mkono. Shuka limenata kwa damu. Mwanangu amenibeba hadi kliniki kama kabati lisilopita mlangoni.

Nesi akauliza nimejifanya nini. Nikasema nilianguka. Akauliza, viwiko vyote viwili? Na magoti yote mawili? Nikasema ndiyo, nilianguka vizuri. Akachukua kikoleo, akachomoa kitu kidondani, akamwonyesha mwanangu. Unga wa mninga. Mwanangu akainamisha kichwa kama mshtakiwa.

Nesi hakucheka safari hii. Akasema ngozi yenye soriasisi ukiijeruhi inalipiza kisasi: palepale palipochubuka, baada ya siku kadhaa huweza kuota baka jipya. Akatoa tyubu nyingine, akamkabidhi mwanangu. Si mimi. Mimi mzazi!

Njiani mwanangu akanung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia kinachouma ni kiwiko, masikio yangu mazima.

Ijumaa, 7 Machi

Ilibaki vanishi ya mwisho kwenye kitanda cha mtoto. Kukata na kuunga ni kazi ya mwanangu, kumalizia ni kwangu. Kila mtoto wa ukoo huu amelala kwenye mbao nilizolainisha mimi. Herufi zenyewe hizi ninazoandika, mume wangu alinifundisha kwa penseli ya seremala juu ya vipande vya mbao. Shule nyingine sikuijua.

Nimepaka polepole, mkono haukunjiki. Kikang'aa mpaka nikauona uso wangu. Nikajikuna kichwa. Nilisahau tu, jamani! Magamba yakadondoka juu ya vanishi mbichi, yakanata, pale pale pa kuwekea kichwa. Nikajaribu kuyatoa kwa kucha. Nikazidi kuharibu.

Nimekaa chini kwenye maranda nikalia. Huenda Bi Usafi ana haki. Kama hata ubao siwezi kuugusa bila kuuchafua, mtoto nitamshikaje?

Leo sina mpango.

Jumapili, 9 Machi

Nina mpango. Glavu za karakana, nene, zinafika kiwikoni. Gauni la mikono mirefu. Kilemba mpaka kwenye nyusi. Jua linaunguza.

Wakafika. Mtoto mdogo, amekunja uso kama hakimu. Nikanyoosha glavu zangu. Akaziona, akaangua kilio mpaka paka akakimbia. Bi Usafi akasema afadhali, mtoto ana akili zake.

Mkamwana akauliza glavu za nini. Nikasema nasikia baridi. Jasho linanidondoka kidevuni. Akanivua, moja baada ya nyingine, kama anamvua mtoto viatu. Bi Usafi akaja mbio na taulo, akanitandikia mapajani kama meza ya hotelini. Mkamwana akaliondoa. Akamwambia mama yake kwamba yeye mwenyewe ameuliza kwa daktari wa watoto, haiambukizi. Na kwani mumewe amelelewa na mikono ya nani, mbona hana hata kipele? Akaniwekea mtoto.

Mtoto akaacha kulia. Akashika kidole changu, kwenye baka lenyewe, akang'ang'ania. Mimi!

Bi Usafi akaenda kunawa.

Wakati wa kumlaza, mkamwana akayaona yale magamba kwenye vanishi. Akauliza ni nini. Nikasema urembo. Akanitazama, akasema basi yaachwe.

Jumapili, 16 Machi

Nesi alisema kweli. Mabaka mapya yameota viwikoni, mekundu, tena yana pembe nne, saizi ya kipande cha msasa!

Mikono imepoa kidogo. Mkamwana ananipaka mafuta asubuhi na jioni, ananikemea nikijikuna. Mtoto analala kifuani kwangu na magamba yangu, anakoroma. Ningetulia. Wallahi ningetulia.

Lakini Bi Usafi anarudi Jumamosi na mpiga picha. Picha! Itatundikwa ukutani kwake, wageni wote wavihesabu viwiko vyangu mpaka kiama.

Nimekaa, nimelitafakari kosa langu. Nimeliona. Msasa ulikuwa mkavu.

Karakanani kuna msasa wa maji.