Tulivyokwenda Kuposa Skuli

Jumatatu, 12 Januari 2004
Wifi yangu Jokha kaja tena. Kaja na binti yake Nassra, kavaa kofia ya kijani ya skuli. Saa kumi na mbili jioni, kofia bado kichwani! Kapita Tottenham nzima nayo. Skuli yenyewe ya wasichana watupu, ya kulipia, haiingiliki ila kwa mtihani na usaili. Jokha kasema mwanangu Thuwaiba akianguka usaili wa Ijumaa nisihuzunike, skuli ya mtaani nayo ni skuli. Nikacheka. Nikamwongeza chai. Roho inaniuma, jamani! Hasidi hana sababu, na hasidi mwenyewe ni yeye. Thuwaiba lazima aingie. Na kofia nitamnunulia kubwa zaidi.

Jumatano, 14 Januari
Nimepata! Kitu cha thamani hakiombwi mikono mitupu. Jokha alimpeleka Nassra peke yake, kama waendao sokoni. Sisi tutakwenda kama watu. Nimempigia simu Mzee Shaame, mshenga aliyeleta posa ya mume wangu kwetu Wete, siku hizi naye anaishi huku. Hajapata kukataliwa. Halua, sinia la visheti, udi. Mume wangu Mbarouk kasema skuli si mchumba. Nikamwambia ndiyo maana hapandishwi cheo kazini, hajui kuomba. Thuwaiba kanisihi, kwa Kiingereza, nisibebe chetezo cha kufukizia udi. Mtoto wa kuzaliwa huku, atajua nini?

Ijumaa, 16 Januari
Mtume! Nianzie wapi? Mwalimu mkuu, mama mwembamba mwenye adabu zake, katupokea vizuri. Mzee Shaame kasimama, kakohoa, kaeleza kwamba tumeona bustani yenye maua mazuri, tumekuja kuomba nafasi ya kupanda letu. Thuwaiba akitafsiri, macho chini. Nikaona mambo yanakwenda. Nikawasha kaa, nikatia udi. Moshi ukapanda. Mara kengele! Kengele ya moto, skuli nzima! Mzee Shaame akadhani tunapigiwa hongera, akatabasamu. Wasichana wote nje uwanjani, baridi ya kukata masikio, na Nassra katikati yao akitupungia mkono. Wakaja zimamoto. Thuwaiba akachukuliwa peke yake kwenda kuulizwa maswali ya usaili, sisi tukabaki uwanjani na sinia letu. Lo, aibu gani hii! Jokha atayapata yote jioni.

Jumamosi, 17 Januari
Kayapata. Kanipigia simu kunipa pole, na pole yenyewe imejaa kicheko. Lakini sikulia kwa hilo. Thuwaiba hajala tangu jana. Kaniambia anaitaka skuli ile kwa sababu ya maabara yake, anataka kusoma sayansi, na mimi sijamuuliza hata siku moja. Nimekaa kitandani kwake. Nimemharibia mwanangu.
Ingawa, ukitazama vizuri, yote haya kayaanza Jokha.

Ijumaa, 13 Februari
Skuli wamepiga simu. Kapata! Na atasomeshwa bure! Nimeruka mpaka jirani wa chini kagonga dari lake. Mwalimu mkuu kasema katika mtihani wa hesabu hakuna aliyempita, hongera kwa aliyemfundisha. Nikashangaa, nani kamfundisha? Thuwaiba akakiri: ni Nassra. Kila Jumamosi, nyumbani kwa Jokha, mimi nikidhani wanatazama televisheni! Jokha akiwapikia na kuwanyamazisha wadogo. Wakanificha, maana walijua ningekataa. Kweli ningekataa.
Mbarouk akasema twende tukashukuru. Tukaenda. Maneno ya shukrani ninayo mdomoni, wallahi, mazuri kabisa. Jokha kusikia tu, kamkumbatia Thuwaiba, kaangua kilio. Kilio cha furaha, cha kwikwi, mpaka majirani wakatoka. Mbarouk naye akamfuta machozi dada yake, akasema hajaona shangazi mwenye mapenzi kama huyu.
Maneno yangu yakarudi tumboni. Ebo! Mtoto kamzaa nani? Mbona alie yeye kunishinda mimi?
Septemba, siku ya kwanza ya skuli, tutampeleka sote. Nimeshaamua. Jokha akilia, mimi nazimia.