Naisi Yarudishwa Kwao

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Asili ya Maneno inautangazia umma kwamba neno "naisi" limerudishwa rasmi kwenye maana yake ya kwanza. Mimi, mkuu wa kitengo, ndiye niliyelifuatilia. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, nao walilirithi kutoka Kilatini, na huko mwanzo lilimaanisha "asiyejua". Kisha likazurura karne na karne, mara mjinga, mara mwenye kuchagua sana, hadi likaishia kusifia viatu. Uzururaji huo tumeukomesha.

Waraka ulisainiwa na Mkurugenzi, tunayemwita Mkono Mwepesi kwa jinsi anavyosaini haraka. Tukaubandika ukutani. Kabla gundi haijakauka, Mkurugenzi akapita mapokezi na suti mpya, na dada wa mapokezi akamwambia, "Bosi, leo uko naisi!"

Mbele ya watu! Nikaitisha kikao cha nidhamu siku hiyohiyo, maana anayemtukana mkuu hufukuzwa kazi. Niliumia, sikatai. Yule dada ndiye pekee anayejua ufunguo wa choo ulipo.

"Una la kujitetea?" nikamuuliza.

"Jamani, nilimsifia tu! Nikifukuzwa, wanangu watakula nini?"

"Waraka hukuuona?"

"Niliuona mnabandika. Nikajua ni ule wa kuzima taa."

Nikamgeukia mlalamikaji. "Mheshimiwa, ieleze kamati ulivyoumizwa."

"Kuumizwa na nani?" Mkurugenzi akashangaa.

"Na neno naisi, mheshimiwa. Ulisaini mwenyewe libadilishwe."

"Aa, mimi kazi yangu kusaini. Kusoma ni kazi yenu. Kwani naisi ina ubaya gani? Binti kanisifia, nami nikamwambia asante."

Mhasibu akakohoa. Wengine tukatazama dari.

Lakini sheria ni sheria. Kamati ilirejea maana halali, "asiyejua", ikampima Mkurugenzi, ikaridhika kwa kauli moja kwamba dada hakutukana. Alitoa taarifa sahihi ya kiofisi. Abaki kazini, na apongezwe kwa kuwa mtumishi wa kwanza kuutekeleza waraka.

Dada akalia kwa furaha. Uamuzi tukamsogezea Mkurugenzi palepale, naye akausaini bila kuutupia jicho.

"Vipi," akauliza akifunika kalamu, "nimewatendea haki?"

"Naisi sana, bosi!" tukaitikia wote, na kwa mara ya kwanza tulimaanisha.